Tududu Tatu za Kachupa ya Saba

Lubumbashi, ku Kasapa, tarehe 23 mwezi wa 11, 2023

Mama Mukubwa wangu Laurentine,

Nakupigia magoti toka huku, we na Baba Mukubwa Alphonse, na majirani bote benye kuulizaka habari yangu. Shiye tuko bazima. Debo ameota meno mawili ya chini. Ananiuma wakati wa kunyonya, halafu anacheka yee wa kwanza. Bwana yangu Gauthier angali ku mugodi wa Kipushi. Anarudi siku ya posho, mwisho wa wiki, kesho yake tunasali pamoja, jioni anaenda. Mama yangu, mudogo wako, mugongo unamusumbua, lakini alisema nisikuambie, basi sikukuambia.

Naandika barua juu simu ya nyumba yenu inalalaka mu mufuko wa Baba Mukubwa, na yee akipokea anafungua sauti mpaka kuku basikie. Tena kuko sanduku ya kukuletea, Chomba dereva ataipakia mu kamiyo yake ya kubeba bunga. Sanduku ikienda, barua iende nayo.

Mama, nimepata kazi! Ku univerisite, mu labo, ile nyumba ya kuchunguza tududu. Kwanza nilikuwa mufagiaji tu. Siku moja mukubwa wa pale, ba Ngalula, mutoto wa kule Kasai, mwenye kusoma masomo ya mwisho kabisa, alinikuta saa ya kula nachambua maharagi. Akaangalia vidole vyangu. "We mama, haurukaki hata kajiwe kamoja?" Nikasema: "Bwana yangu alivunjaka jino. Toka pale siruki." Akacheka, akanivutia kiti. Sasa nachambua tududu, twenye kunyonya maji ya majani, tudogo kama punje ya muchele iliyovunjika. Ba Ngalula anatafuta kujua hutu tududu tuko kabila ngapi mu inchi yetu. Ananijaribu mpaka Pasaka. Nikimaliza bila kosa, kiti itakuwa yangu, na karatasi ya kazi yenye jina langu. Mi, mwenye kuacha masomo mwaka wa sita! Nataka siku Debo akiuliza mama yake anafanya nini, nisijibu "fagio".

Ombi langu ni hili. Nyuma ya Mokambo, ku kile kilima cha shaba penye miti haiote, kuko maua ya rangi ya zambarau. Utandike kitambaa cheupe chini ya mumea, uupige na fimbo polepole. Tududu tutaanguka. Ukamate ishirini ku mumea mumoja, utie mu kachupa ka alkoli, uandike ku kakaratasi: siku, pahali, mumea gani, na jina lako. Andika na kalamu ya risasi, juu wino inayeyuka mu alkoli. Mumea mumoja, kachupa kamoja. Tuchupa tuko saba.

Mwanako,
Sephora

*

Mokambo, tarehe 7 mwezi wa 12, 2023

Sephora, mama ya Debo,

Barua yako nimeisoma, na ya mugongo wa mudogo wangu sikuisoma. Umupake mafuta ya moto, umwambie yametoka kwako.

Huku mvua iko mingi, uyoga umeanza kutoka. Baba Mukubwa wako anakohoa kidogo ila anakataa dawa, anasema bantu ba shemindefere, ba reli, habakufakaka na kikohozi. Kila asubui anavaa kofia yake ya kazi, anaangalia saa, na treni haiko.

Sasa kazi yako, mwanangu, imeniharibia jina. Mwanamuke muzima, nguo ya kitanda chini, fimbo mukononi, anachapa maua! Bachimbaji bakasimama. Mumoja akaniuliza: "Mama, hii maua ilikukosea nini?" Nikamwambia: "Ilikula deni ya watu." Bakakimbia. Sasa banasema niko na dawa, na karanga zangu zinauzika mbio, juu hakuna mwenye kuthubutu kubishana bei na mulozi.

Tuchupa saba ni hutu. Ya mwisho niliijaza mbio mbio, Chomba alikuwa anapiga honi. Lakini zote nimekupimia vizuri. Hautapata haya mbele ya mukubwa wako.

Unibusie Debo ku mashavu yote mawili.

Mama Mukubwa

*

Lubumbashi, tarehe 8 mwezi wa 2, 2024

Mama Mukubwa mupenzi,

Nakusalimia, na Baba Mukubwa, na kikohozi chake kama kingali hai. Debo anatambaa. Juzi alitafuna kalamu ya ba Ngalula, na ba Ngalula hakukasirika, alimuuliza tu kama iko na chumvi ya kutosha. Gauthier anakusalimia.

Nina neno, na sijui nilianzie wapi, juu hata mi mwenyewe silisikie vizuri.

Tulifanya hivi. Kila kadudu tulikatoa muguu mumoja. Miguu ikaenda Bulaya na ndege, kila mumoja na namba yake. Kule kuko mashini yenye kusoma ADN, ndiyo yale maandiko yenye kuwa ndani ya mwili, ya kuonyesha huyu ni wa ukoo gani. Mwili wenyewe unabaki huku, tunaubandika ku sindano, etiketi, kale kakaratasi, chini yake. Kisha madume tunabakata nyuma, ile sehemu tunaichemsha mu dawa mpaka nyama inaisha, inabaki kandoano kadogo ka kushikia jike. Samahani Mama, lakini ni pale, pa aibu, wasomi banajulia kabila. Ba Ngalula anasema: rangi inadanganya, ukubwa unadanganya, kandoano hakadanganye.

Majibu ilirudi wiki hii. Kachupa ya kwanza mpaka ya sita, bote ndugu. Kachupa ya saba: ishirini ndugu, tatu hapana. Mama, kwa macho beko sawa! Kahawia, mabega mekundu, midomo kama sindano imekunjwa chini ya kifua. Nilibaangalia mpaka macho ikatoa machozi. Lakini ADN inasema hata binamu hapana. Mu zile tatu dume iko moja tu. Ba Ngalula akamupasua, akaniita. Kandoano ka benzake kamepinda kama mundu. Kake kamenyooka, na meno ku ncha.

Kwanza alifurahi sana. Kabila mbili ku mumea mumoja, zinafanana hivi! Akaenda kumwambia profesere wake. Aliporudi akafungua kitabu changu cha hesabu. Etiketi yako inasema ishirini. Mi niliandika ishirini na tatu. Hata zingine zimepita: 23, 24, 23. Akaniuliza:

"Sephora, mukono gani ulikosa, wa kule ao wa huku?"

Nikaapa juu yangu na juu yako.

"Siombi kiapo, mama. Naomba jibu."

Akalinganisha zile tatu na tududu twote twa labo, twa Kasapa, twa Kipushi. Hakuna mwenye kufanana nazo ku ADN. Basi kama nilichanganya, nilichanganya na nini? Yee hajui, mi sijui. Nikikaanga mihogo naona tundoano mu mafuta. Mama, unikumbukie ile siku ya kachupa ya saba. Nini ilifanyika?

Sephora

*

Mokambo, tarehe 15 mwezi wa 2, 2024

Mwanangu Sephora,

Nyumba iko salama. Kikohozi kimeenda chenyewe, na mwenye nacho anatembea kifua mbele kama amekishinda vita. Uyoga umekwisha, sasa ni mahindi mabichi. Nimekuwekea.

Nimesoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza niliogopa, ya pili nilicheka, ya tatu nilikasirika. Kwa hiyo bantu na mashini yao ya Bulaya, na vioo vyao, kabila banaenda kuitafuta pale? Mi ningekuambia kabila ya muntu kwa namna anashika tonge ya bukari.

Lakini sikia. Ishirini kamili? Mi, Laurentine, mwenye kuuzisha karanga miaka makumi mbili na mbili, nimupimie mutoto wa mudogo wangu kipimo kikavu? Nilitia mbasela! Tatu juu ya kila kachupa, na moja ilipata ine juu mukono uliteleza. Hata mugeni nisiyemujua namwongezea ngumi moja ya karanga juu ya kopo. Ukiandika ishirini, unapeleka ishirini, na mbasela haiandikwe, ni ya moyo. Ba Ngalula hakusomaka hiyo mu masomo yake ya mwisho kabisa?

Kwa sita za kwanza mbasela ilitoka ku mumea ule ule. Kwa ya saba nilikuwa na ishirini tu, siku imeisha, na sikuweza kuacha moja bila mbasela wakati ndugu zake banayo. Nikaokota tatu pahali pengine. Ziko sawa, umesema mwenyewe kwa macho ziko sawa! Basi makelele ya nini?

Mahindi iko mu mufuko mweupe.

Mama Mukubwa

*

Lubumbashi, tarehe 22 mwezi wa 2, 2024

Mama Mukubwa,

Salamu kutoka kwa bote. Asante ya mahindi, Debo alinyonya gunzi mpaka likakauka. Mama yangu anacheka peke yake tangu nimemusomea barua yako, anasema: "Dada yangu! Hata ku mbingu atamwongezea Petro ufunguo."

Mi sikucheka, Mama. Nilibaki na barua yako mu nguo siku mbili. Nikisema, ba Ngalula atajua si mi niliyekosa, ila furaha yake itakufa: haiko kabila mbili ku mumea mumoja, iko mbasela. Nisiposema, nitaikala ku kile kiti kama mwizi. Siku ya tatu nilisema.

Aliacha kuandika. Akafunga ordinatere, ile kompyuta yake. Kisha akauliza polepole: "Mbasela?" Nikasema: "Ndiyo, ba Ngalula. Tatu za juu." Akasema: "Kwetu Kasai pia banaongezaka. Lakini Sephora, hii haikuwa karanga." Akaenda kwa profesere kufuta maneno yake. Nilimuona anatembea mu bustani, anazunguka muti mumoja mara mbili kabla ya kuingia.

Profesere alisema hivi: kadudu kenye hakajulikane mumea wake wala pahali pake ni kama mutoto wa kuokotwa barabarani, hakuna mwenye kuweza kumuandika. Etiketi ya zile tatu ipatikane kabla ya Pasaka. Isipopatikana, kachupa ya saba itupwe, na mwenye kuileta arudi ku fagio. Sasa hivi niko naosha tuchupa tu. Kiti iko pale, nguo yangu ya kazi inaning'inia juu yake, lakini siikalie.

Na kuko ingine. Ba Ngalula ametafuta mu orodha zote, kandoano kale kenye kunyooka hakuna mwenye kukachora. Labda ni kabila yenye haijaandikwa na muntu. Labda. Anasema "labda" mara mingi.

Ni maneno matatu tu, Mama: mumea gani, wapi, siku gani. Uliokota wapi?

Sephora wako

*

Mokambo, tarehe 29 mwezi wa 2, 2024

Sephora,

Tuko bazima. Mufereji nyuma ya nyumba ulijaa, Baba Mukubwa akauchimba upya na hasira ya kijana. Ba Michelle, jirani yetu, amezaa mapacha. Bei ya chumvi imepanda. Kuku mweusi amelalia mayai tisa. Padiri mupya anasoma mbio, misa inaisha tungali tunapiga magoti.

Umeniuliza ya tududu. Ni karibu tu.

Umupe Debo maji ya kuchemsha.

Mama Mukubwa

*

Lubumbashi, tarehe 21 mwezi wa 3, 2024

Mama Mukubwa Laurentine,

Nakusalimia na heshima yote. Debo alikuwa na homa siku tatu, sasa amepona, ananishika nguo asiniachilie. Gauthier alirudi katikati ya wiki kumuona, akamubeba siku nzima, hata bukari alikula naye mukononi.

Wiki iliyopita Chomba aliniletea sanduku yako. Niliifungua mbio. Tuchupa tatu twa kilima, kila kamoja na ishirini. Nilihesabu mara mbili: ishirini, ishirini, ishirini. Nikageuza sanduku, nikapiga chini yake, nikapapasa mufuko wa bunga. Barua haikuwamo. Chomba akasema: "Mama hakusema kitu. Alitia tu, akaenda."

Mama, ile ishirini bila mbasela niliisoma kama barua. Nimekukosea? Ni neno gani nimeuliza lenye haliulizwe? Niliuliza kadudu kametoka wapi, na naona kama nimegusa sufuria ya moto mu giza, sijui hata ni chakula gani inapikwa ndani.

Pasaka ni wiki ijayo. Ba Ngalula ameniombea siku kwa profesere, mpaka mwisho wa mwezi wa ine. Aliniambia: "Dada wa mama yako hakukataa kwa ubaya. Muntu mwenye kuongeza hivi hanyimi hivi hivi." Yee hakujui, lakini anakuwaza muzuri.

Kama ni haya, unitupie mi. Jibu lako sitamusomea mama yangu.

Sephora

*

Mokambo, tarehe 4 mwezi wa 4, 2024

Mwanangu,

Pasaka ilipita salama, tulikula kuku. Si ule wa mayai.

Hii barua uisome peke yako, kisha uitie mu moto.

Unamukumbuka yaya Annie, mutoto wangu, dada yako mukubwa. Yee alikubeba mugongoni ukiwa sawa Debo. Unajua aliondoka kwa Pierre, bwana mwenye tulimukabidhi kwa padiri, mbele ya bantu bote. Akavuka bariyeri ya mupaka na Chishimba, muntu wa Zambia, wa kanisa ingine. Ni miaka mitano. Baba Mukubwa wako alisimama mu mulango, akasema: "Jina lile lisisikike tena humu. Mwenye kwenda kwake aikale kule kule." Muntu wa shemindefere akisema treni imeondoka, imeondoka.

Mi naenda, Sephora. Siku ya Mungu moja kwa mwezi, nyuma ya misa. Nasema naenda kununua sabuni upande wa Zambia. Tuko na sabuni ya kuoshea kijiji. Ni mwendo wa saa moja ku miguu kupita bariyeri. Annie anauzisha munkoyo, kile kinywaji cha mizizi, na amepanda mumea wenyewe ku mulango, hapana kuchimba mizizi mu pori kama benzake. Umepanda mpaka ku dirisha, na kauwa ka manjano. Ile siku ya Mungu, tarehe tatu ya mwezi wa kumi na mbili, alienda kuteka maji, nikabaki ku mulango na mutoto mu magoti. Ndiyo, kuko mutoto, mwanamuke, miaka mbili. Tududu tulikuwa ku majani ya munkoyo, kahawia, mabega mekundu, sawa twa kilima. Nilikuwa na kakaratasi mu mufuko, nikatukunja tatu mule. Mutoto alinisaidia kukamata moja.

Sasa unajua. Lakini ku etiketi andika kilima. Ni kilima, ni maua ya shaba, nani atajua? Nyumba yangu iko ya miaka makumi tatu na moja, siwezi kuibomoa juu ya tududu tatu.

Mama yako mukubwa, mwenye kukupenda

*

Lubumbashi, tarehe 11 mwezi wa 4, 2024

Mama Mukubwa wangu,

Nakukumbatia. Debo amesimama peke yake jana, akashangaa yee mwenyewe, akaikala. Hatukupiga makofi, tuliogopa kumushitua.

Barua yako nimeitia mu moto, na nimeitia mu kichwa kwanza.

Nilichukua kalamu ya risasi, Mama. Nilikuwa peke yangu mu labo, saa ya kula. Nilikata kakaratasi kadogo, nikaandika "kilima". Herufi zilitoka nzuri. Kisha nikamuwaza muntu wa miaka mia ijayo, mwenye kusoma etiketi yangu, anaenda ku kilima na kitambaa chake, anapiga maua, anapiga, hapate. Atasema kadudu kamekufa. Kumbe kangali kazima, kananyonya munkoyo ku mulango wa yaya Annie. Nikamuwaza tena ule mutoto mwenye kukamata moja. Nikafuta.

Nilimwambia ba Ngalula: "Pahali nimepajua. Kupasema hapana kwangu." Akaweka kalamu chini. Nikajua ananifukuza. Akauliza tu: "Ni inchi yetu ao ya benzetu?" Nikaangalia tuchupa, na akasoma jibu ku uso wangu. Akasema: "Haidhuru. Kadudu hakabebake paseport." Lakini profesere ameweka siku yake, na siku yake haibadilike: tarehe makumi tatu.

Sielewe bintu bingi, Mama. Sielewe vipi bawili banafanana mpaka mabega, na hakuna undugu. Sielewe vipi baba na mutoto beko na undugu wote, na hakuna mwenye kumuona mwenzake. Ba Ngalula anasema ukiona mwili unasema hivi na ADN inasema vile, usichague mbio, tafuta bingine, angalia tena. Mi naangalia tena na naona giza.

Sitaandika uongo, na sitaandika ukweli bila ruhusa yako. Kama ni fagio, ni fagio. Haitaniua. Mikono inalijua.

Mwanako,
Sephora

*

Mokambo, tarehe 25 mwezi wa 4, 2024

Sephora,

Salamu fupi, Chomba amewasha kamiyo.

Nimemwambia. Alikuwa anapasua kuni. Nikasema: "Alphonse, sabuni tunayo ya mwaka mzima." Akasema: "Naona. Niliwaza unataka kufungua duka." Nikasema: "Naendaka kwa Annie." Shoka ilibaki mu muti. Nikaendelea, juu ningenyamaza singeanza tena: "Yuko na mutoto mwanamuke. Anaitwa Alphonsine." Hapo akaingia mu nyumba.

Siku tatu zikapita. Alikula, alisali, alivaa kofia, aliangalia saa. Nilifunga bintu byangu mu kitambaa, bikae tayari akinifukuza. Siku ya ine, tukinywa chai, akauliza: "Hako kadudu kako na rangi gani?"

Nikasema: "Kahawia. Mabega mekundu."

"Na kanaikala ku mulango wenyewe?"

"Ku mulango."

Akamaliza chai. Kile kitambaa akakifungua yee mwenyewe, akanirudishia bintu ku sanduku, moja moja, hata ukanda wa kanisa.

Andika etiketi. Munkoyo, mulango wa nyumba ya Annie, mwendo wa saa moja kupita bariyeri ya Mokambo, upande wa Zambia, tarehe tatu ya mwezi wa kumi na mbili. Na jina langu uliandike lote.

Laurentine

*

Lubumbashi, tarehe 16 mwezi wa 5, 2024

Mama Mukubwa Laurentine,

Nakusalimia kwa furaha na kwa mushangao. Debo anatembea hatua ine kisha anaanguka ya tano. Gauthier na mama yangu banakusalimia. Barua hii iko mu mukono wa Baba Mukubwa mwenyewe. Sikuifunga.

Etiketi ilifika kwa profesere siku moja kabla ya siku yake. Ba Ngalula aliipeleka yee mwenyewe. Aliporudi alisema tu: "Ameisoma mara mbili. Amesema basi." Sikujua kama basi ni muzuri ao mubaya, nikaendelea kuosha tuchupa wiki mbili.

Jana, saa ine ya asubui, mulinzi akaniita: kuko muzee na kofia ya shemindefere, anauliza mahali pa kadudu. Nilikimbia na mikono yenye sabuni. Alikuwa amesimama jua kali, sanduku yako mu kifua, hakukubali mulinzi amupokee. Nikapiga magoti. Akasema: "Simama, uko ku kazi." Akanikabidhi sanduku: "Mama yako mukubwa amekamata ishirini ku ule munkoyo. Nilimusindikiza mpaka bariyeri. Sikuvuka." Kisha akasafisha koo. "Kadudu kenyewe ni kapi?"

Ba Ngalula akatoka, akamusalimia na mikono miwili. Nilimuogopea Baba, juu ba Ngalula hapendake bageni mu labo. Akasema: "Ingia, papa. Mufundi wangu atakuonyesha."

Mama, alisema mufundi wangu. Niliangalia nyuma yangu, nione anamusema nani.

Nilikausha mikono. Nikaikala ku kiti yangu, nikatafuta lile dume la kachupa ya saba ku sindano yake, nikaliweka chini ya mikroskopu, nikasogeza kioo mpaka mabega ikatoka wazi. Nikamuachia kiti. Alivua kofia, akaishika mu magoti. Hakujua afunge jicho gani, akafunga lile, akafunga hili. Nikamwelezea: hapa ni mudomo, hapa ni muguu wenye tulitoa, na kandoano kako ku kioo kingine. Nikamwambia hatujajua bado ni kabila gani, na kwamba zile ishirini mupya zitatusaidia ao zitatuchanganya zaidi. Sijui kama alisikia.

Aliangalia muda murefu. Ba Ngalula alisimama pale, na kazi yake inamungojea. Kisha Baba Mukubwa akauliza, sauti ndogo, bila kutoa jicho ku kioo:

"Na huyu ndiye anaikala na Annie?"

Nikasema: "Ndiyo, Baba."

Hakuinua kichwa. Bega lake lilianza kutikisika, na mi sikujua niweke mikono wapi. Ba Ngalula akanigusa mukono, akaniambia ku sikio:

"Mufundi, mwongezee mwanga. Hapo haone vizuri."

Nikamwongezea.

Sephora